Alama kumi na moja zitoke wapi? Barua ya mtahiniwa wa TOEFL ITP na jibu lake

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Nimejiandikisha kufanya mtihani wa Kiingereza wa TOEFL ITP, Kiwango cha Kwanza, wenye sehemu tatu: kusikiliza, sarufi, na ufahamu wa kusoma. Chuo ninachoomba nafasi ya shahada ya uzamili kinataka jumla isiyopungua 500, nami nimebakiwa na wiki nane. Nilipojipima kwa kitabu cha mazoezi, nikiwa nimeweka saa mezani, nilipata 44 katika kusikiliza, 47 katika sarufi na 48 katika kusoma, yaani jumla ya 463.

Matokeo haya yamenifadhaisha kwa sababu mimi si mgeni wa Kiingereza. Nimekisoma tangu utotoni, na kazini ninaandika barua pepe kwa lugha hiyo karibu kila siku bila mtu kulalamika kwamba hanielewi. Kitabu cha sarufi nimekisoma chote, na ukiniuliza kanuni yoyote ninaweza kuieleza. Hata hivyo, saa ikianza kuhesabu, kanuni hizo hazinijii. Katika kusikiliza, nikikosa swali moja ninaendelea kuliwaza hadi mawili au matatu yanayofuata yananipita. Katika kusoma, kifungu cha mwisho sikifikii kabisa.

Ushauri ninaoupata hapa na pale unapingana. Kaka yangu, aliyewahi kufanya mtihani wa namna hii, ananisisitiza nikariri orodha ya maneno magumu. Mwenzangu kazini anasema niachane na vitabu nitazame filamu. Yupo pia mtu anayeniuzia kile anachokiita karatasi halisi za mtihani pamoja na majibu yake. Nina saa mbili kila jioni, na muda zaidi kidogo mwishoni mwa wiki. Nianzie wapi? Na ikiwa muda utakaribia kabla sijafika ninapotaka, je, niahirishe?

Wako,
Mtahiniwa Mwenye Wasiwasi

Ndugu Mtahiniwa,

Nimefurahi kwamba umeziweka alama zako wazi, kwa kuwa bila hizo ningebaki kukutia moyo tu. Tuanze basi na hesabu. Jumla ya TOEFL ITP hupatikana kwa kujumlisha alama za sehemu tatu (ambazo si idadi ya maswali uliyopata, bali idadi hiyo ikiwa imegeuzwa kwa kipimo cha mtihani), kuzidisha kwa 10, kisha kugawanya kwa 3. Alama zako zinafanya 139, na ndiyo maana ukapata 463. Ili ufike 500 unahitaji alama tatu zenye jumla ya 150, yaani 11 zaidi ya ulizonazo, na mtihani haujali zimetoka sehemu gani. Kwa hiyo weka kando kwa wiki hizi nane swali la kama unakijua Kiingereza au hukijui, ambalo naona limeanza kukuumiza, ushughulike na swali dogo zaidi la wapi alama 11 zinapatikana kwa urahisi.

Hapo muundo wa mtihani wenyewe unatusaidia. Sehemu ya kusikiliza ina maswali 50 kwa takriban dakika 35, sarufi ina maswali 40 kwa dakika 25, na kusoma kuna maswali 50 kwa dakika 55. Kwa kuwa sehemu zote tatu zina uzito sawa katika jumla, ilhali sarufi ina maswali machache zaidi, kila swali la sarufi unalolipata linakupandisha zaidi kuliko swali moja la kusikiliza au la kusoma. Tena mambo yanayopimwa katika sarufi yanajirudia mno, kiasi kwamba mtu akishayatambua sura huyaona hata yakibadilishiwa mavazi. Pendekezo langu ni kwamba utafute alama 5 katika sarufi, 4 katika kusikiliza na 2 katika kusoma, upate 52, 48 na 50. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji muujiza.

Kuhusu sarufi, naona umefanya kazi kubwa upande usiotahiniwa. Mtihani hautakuomba uieleze kanuni yoyote. Utakupa sentensi 15 zenye pengo la kujaza na sentensi nyingine 25 zenye sehemu nne zilizopigiwa mstari, ambamo utatakiwa kuonyesha iliyokosewa, na wastani wako kwa kila swali ni kama sekunde 37. Anayejua kanuni lakini hajazoea kuitambua ndani ya sentensi ndefu hujikuta anasoma sentensi mara tatu, na muda unamwishia. Kwa hiyo kifunge kitabu cha kanuni, fanya maswali, na ukirejee tu pale kosa lako linapokupeleka.

Tabia ya kwanza ya kujenga ni kutafuta kiima na kitenzi kikuu kabla ya kutazama machaguo. Chukua sentensi kama hii niliyoitunga: "The bridge connecting the two islands ------ in the last century." Mtahiniwa mwenye haraka huliona neno "connecting", akadhani kitenzi amekwisha kukipata, kisha akachagua jibu lenye kiunganishi au kishazi kingine. Lakini neno hilo linaeleza tu daraja la aina gani, na sentensi bado haina kitenzi kikuu, hivyo pengo linataka "was built". Maswali mengi ya sehemu ya kujaza pengo yamejengwa juu ya mtego huu mmoja, ama kwa kukuficha kitenzi, ama kwa kukuongezea kitenzi cha pili kisicho na kiunganishi cha kukibeba.

Tabia ya pili ni kujua makosa ambayo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuyaoni kwa sababu lugha yetu inayaruhusu. Kwetu ni sawa kabisa kusema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika", na kwa hiyo "although" na "but" zikiwekwa pamoja katika sentensi moja ya Kiingereza hazitushtui, ilhali hilo ni kosa. Vivyo hivyo kwa kiima kinachorudiwa: kitenzi chetu hubeba kiambishi cha mtenda hata kama mtenda ametajwa, ndiyo maana "The teachers they agreed" haisikiki vibaya sana masikioni mwetu. Upatanisho nao una mtego wa namna yake, kwani katika Kiswahili tunaufuata sentensi nzima na hatukosei, lakini Kiingereza kimeuacha karibu wote isipokuwa ile "s" ya umoja katika wakati uliopo, na jicho halina mazoea ya kuitafuta. Sentensi kama "The colour of the leaves change in autumn" humpita mtu kwa kuwa nomino iliyo karibu na kitenzi iko katika wingi, ingawa kiima ni rangi moja. Ongeza hapo nomino zisizohesabika kama "information", "advice" na "equipment", ambazo hazipokei "s" ya wingi wala hazifuatani na "many".

Yaliyobaki niyataje kwa kupita: vitu vilivyoorodheshwa pamoja ambavyo havikufanana umbo, kivumishi mahali pa kielezi, kulinganisha viwili na kulinganisha vingi, umbo la kitenzi baada ya "have" na baada ya "be", na mpangilio unaogeuka baada ya maneno kama "rarely", "not only" na "not until". Katika yale maswali 25 ya kutafuta kosa, soma kwanza sentensi nzima, maana kipande kilichopigiwa mstari mara nyingi kiko sawa kikiwa peke yake na kinaharibika tu kikikutana na kingine. Ukishaliona kosa, weka alama usonge mbele. Hutakiwi kulisahihisha, na wanaopenda usahihi kama wewe hupoteza muda mwingi hapo wakitafuta namna nzuri zaidi ya kuiandika sentensi.

Kila ukimaliza seti ya maswali, andika makosa yako katika daftari, na pembeni ya kila moja andika chanzo chake: hukuijua kanuni, uliijua lakini hukuiona, au muda ulikubana. Nakadiria kwamba fungu la pili litakuwa kubwa kuliko yote, na dawa yake ni kufanya maswali mengi ya aina ileile mfululizo, kwani maelezo zaidi hayatalipunguza.

Sasa tuje kwenye kusikiliza, ambako alama zako ziko chini zaidi na ambako maendeleo huja polepole, kwa hiyo usingoje umalize sarufi ndipo uanze. Sababu ya sikio kuchelewa ni ya kimaumbile. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu na kila moja hupewa haki yake, nasi tumezoea kusikia neno zima. Kiingereza hukandamiza silabi zisizo na mkazo, hubana irabu zake, na huunganisha mwisho wa neno na mwanzo wa linalofuata. Msikilizaji wetu hupata maneno mazito na kupoteza yale madogo, na kwa bahati mbaya ni hayo madogo yanayobeba wakati, ukanushi na masharti. Mtu anayesema "He should have told her" anasema kwamba hakumwambia. Ukiikosa "have" kwa kuwa imetamkwa kama pumzi tu, umelikosa jibu.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni imla, ingawa linachosha na halina mvuto wowote. Chagua rekodi fupi ya nusu dakika hivi ambayo maandishi yake unayo, isikilize, andika kila unachokisikia, rudia mara mbili au tatu, kisha linganisha. Maneno uliyoyakosa yapigie mstari, usikilize tena sehemu hiyo huku ukiyatazama, halafu sema pamoja na msemaji kwa kasi yake mwenyewe. Dakika ishirini hadi thelathini kila jioni zinatosha. Baada ya wiki tatu au nne utaona kwamba makosa yako yanajirudia katika sauti zilezile chache, na hapo ndipo sikio huanza kufunguka.

Sambamba na hilo, jifunze tabia za mtihani. Maswali 30 ya kwanza ni mazungumzo mafupi ya watu wawili, na kwa kawaida jibu limelala katika kauli ya msemaji wa pili. Tuseme mwanamke anauliza kama mhadhara ulikuwa mzuri, na mwanamume anajibu, "I could hardly keep my eyes open." Chaguo linalotaja macho kuuma litakuvuta kwa sababu umelisikia neno "eyes", lakini jibu sahihi ni lile linalosema kwamba mhadhara ulimchosha, ambalo huenda halina hata neno moja ulilolisikia. Chaguo lililojaa sauti ulizozisikia litilie shaka kwanza, na lile lililosema jambo hilohilo kwa maneno mengine lipe nafasi. Mazungumzo marefu na mihadhara mifupi huja baadaye, na maswali yake kwa kawaida hufuata mpangilio wa yaliyosemwa. Katika mtihani wa karatasi huruhusiwi kuandika dondoo unaposikiliza, na rekodi huchezwa mara moja tu, hivyo mazoezi ya kusimamisha na kurudisha nyuma yabaki kwenye imla, na kamwe usiyafanye unapojipima.

Ule ugonjwa wa kuendelea kuwaza swali lililopita ni wa mazoea, nao unatibika kwa mazoea. Jiwekee sharti kwamba sauti ya swali linalofuata ikianza, lililopita limekufa. Jaza duara lolote, peleka macho kwenye machaguo mapya, usirudi. Majibu mabaya hayapunguzi alama katika mtihani huu, kwa hiyo kubahatisha ni halali, na kuacha nafasi tupu ni kutupa alama bure. Mwanzoni utahisi unafanya kazi ovyo, jambo ambalo kwa mtu makini linaudhi, lakini swali moja lililobahatishwa ni gharama ndogo kuliko matatu yaliyokupita.

Katika kusoma, kabla hujabadilisha chochote, fanya uchunguzi huu. Chukua kifungu ambacho hukukifikia, kijibu bila saa, uone matokeo. Ukipata manane kati ya kumi, basi ufahamu wako ni mzuri na tatizo ni muda. Ukipata matano, tatizo ni kusoma kwenyewe. Kwa kuwa umepata 48 bila kugusa kifungu kizima, nina hakika kubwa kwamba uko kundi la kwanza, na zile alama 2 tunazozitafuta ziko humo humo kwenye kifungu kisichoguswa. Vifungu ni vitano na dakika ni 55, hivyo kila kimoja kina dakika 11 pamoja na maswali yake. Zikiisha, bahatisha yaliyobaki na uhamie kinachofuata.

Ili dakika hizo zitoshe, acha kusoma kila kifungu kana kwamba utakisimulia baadaye. Pitia haraka sentensi ya kwanza ya kila aya ili ujue habari inaelekea wapi, kisha nenda kwenye maswali. Maswali ya maelezo mahususi kwa kawaida hufuata mpangilio wa kifungu, kwa hiyo ukishajua jibu la moja lilipo, linalofuata huwa chini yake kidogo. Swali la wazo kuu liache mpaka mwisho, utakapokuwa umekwisha kusoma karibu chote. Maswali yenye "NOT" au "EXCEPT" hula muda kwa kuwa yanakulazimu kuthibitisha mambo matatu ili upate moja, nayo pia yasubiri. Pale unapoulizwa kinachoweza kukisiwa kutokana na kifungu, jibu lazima liwe na sentensi inayolishikilia, na jihadhari na chaguo ambalo ni kweli duniani lakini halimo katika maandishi. Vifungu huhusu mambo kama historia ya Marekani, biolojia, jiolojia na sanaa, na hakuna ujuzi wa awali unaohitajika, hivyo usiogope mada ngeni wala usiitegemee unayoijua.

Kaka yako hana kosa kusisitiza msamiati, ila orodha ndefu iliyokaririwa nje ya habari husahaulika upesi, na maswali ya msamiati katika mtihani huu huuliza neno limetumiwaje mahali lilipo. Yachukue maneno kutoka katika vifungu unavyovifanyia mazoezi, pamoja na sentensi zake. Filamu nazo ni burudani njema baada ya kazi, lakini ukizitazama zikiwa na maandishi chini unasoma wala husikilizi, na lugha yake iko mbali na mazungumzo ya maktaba, usajili wa kozi na mihadhara yanayotawala mtihani. Huyo anayekuuzia karatasi mwepuke kabisa. Ama anauza vitu vya kubuni, ama vya wizi, na ETS, taasisi inayomiliki TOEFL, ina mamlaka ya kufuta matokeo yanayotiliwa shaka. Kwa bahati nzuri huhitaji siri yoyote, kwa kuwa ITP imefuata muundo wa TOEFL ya karatasi ya zamani, mtihani ulioanza kutolewa mwaka 1964, na vitabu vya mazoezi vya TOEFL hiyo ya karatasi bado vinakufaa. Vya TOEFL iBT, ile inayofanywa kwa kompyuta kupitia intaneti, viache, maana hiyo ina sehemu za kuzungumza na kuandika na haina sehemu ya sarufi peke yake.

Ratiba iwe hivi: katika wiki tatu za kwanza, sarufi ichukue saa nzima kila jioni, imla nusu saa, na kifungu kimoja au viwili vya kusoma muda uliobaki. Kuanzia wiki ya nne, punguza sarufi, ongeza mazungumzo na mihadhara mizima. Kila baada ya wiki mbili, siku ya mapumziko, fanya mtihani mzima kwa kikao kimoja, ukijaza karatasi ya majibu kwa penseli, na muda wa sehemu moja ukiisha usiirudie, kwani hata siku yenyewe hutaruhusiwa. Wiki ya mwisho usianze jambo jipya, pitia daftari la makosa tu.

Umeuliza kama uahirishe. Uamuzi huo ufanye baada ya mtihani wa majaribio wa wiki ya sita. Jumla ya alama zako tatu ikiwa 145 au zaidi, endelea, kwa sababu tano zilizobaki zinaweza kupatikana katika wiki mbili ikiwa makosa yako yanatokana zaidi na haraka kuliko kutojua. Ikiwa bado uko karibu na 140, sogeza mbele, mradi tarehe ya mwisho ya chuo inaruhusu. Nakusihi ukiandikie chuo wiki hii hii, usingoje hiyo ya sita, uwaulize mambo mawili katika barua moja: siku ya mwisho ya kupokea matokeo, na kama kweli wanaikubali ITP kwa waombaji wa uzamili, kwa kuwa vyuo vingi huikubali iBT pekee kwa ajili hiyo. Jibu lao likija na ukakuta wanataka iBT, niandikie tena, maana mpango wa maandalizi utabadilika kwa sehemu kubwa.

Mshauri wako